Sahani Niliyoisugua

Wewe unayenisikiliza, umewahi kusugua sufuria mpaka ukauona uso wako ndani yake? Kama hujawahi, vumilia, utanielewa taratibu. Kama umewahi, basi unaijua ile raha. Masizi yanatoka kidogo kidogo, maji yanakuwa meusi, unamwaga, unasuuza, mwisho chuma kinakutazama nawe unakitazama. Mama yangu alikuwa akisema mwanamke anajulikana kwa visigino vyake na kwa vitako vya sufuria zake. Mimi visigino vilinishinda zamani. Sufuria hazijawahi kunishinda.

Jina langu Nyamizi. Nilisoma mpaka darasa la saba nikamaliza, na cheti ninacho. Wakati wa haya ninayokusimulia nilikuwa na miaka sitini na nne, nafanya usafi kwenye karakana ya mabomba pale Itigi, ile iliyojengwa ubavuni mwa uwanja wa jua, ambako vioo vya umeme vimepangwa kama matuta ya viazi mpaka macho yanachoka kuvifuata.

Karakana ilikuwa na mtambo mmoja wa maana, na ulikuwa haujawashwa hata mara moja. Ulikuwa mtambo wa leza, yaani wa kukata kwa mwanga. Ukiutazama kwa nje ni sanduku la chuma, refu kama behewa, lina mlango upande wa kulia na dirisha moja la kioo cha kijani upande wa mbele. Bomba la kisima linalazwa ndani, leza inalichana nyufa, maelfu ya nyufa, kila moja nyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Maji yapite, mchanga ubaki nje. Huku kwetu mchanga wa chini ni laini kama unga wa muhogo. Visima vyote vya zamani vimekufa kwa kukabwa na mchanga huo. Nyufa za msumeno zinaupitisha. Nyufa za leza zinauzuia.

Sasa shika hili, ndilo lenye uzito. Kule Kinyalambe, kilometa sitini kutoka Itigi, mwanangu Kalunde ameolewa na anaishi huko. Wachimbaji walikuwa wamefika kwao, wakachimba mita mia moja na kumi, wakapata maji. Lakini shimo lilikuwa tupu, halina bomba, na kuta zake ni huo huo mchanga. Fundi wa kuchimba alisema mabomba yenye nyufa yafike Ijumaa jioni. Baada ya hapo, alisema, yeye hana ahadi.

Na mtambo ulikuwa uwashwe Ijumaa hiyo hiyo, saa nne asubuhi.

*

Alhamisi mchana meneja wetu, Bi Msengi, alinipitia akiwa na karatasi mkononi.

"Bibi Nyamizi, kesho mgeni rasmi ni mkuu wa maji wa kanda nzima. Nataka kila kitu king'ae."

"Kitang'aa mpaka mtaona haya kukanyaga," nikamwambia.

Mimi kazi nikipewa siifanyi nusu. Nilianza na sakafu, nikaja kwenye madirisha, nikafuta rafu ya vitabu. Kwenye rafu kulikuwa na kitabu cha mtambo, kinene, jalada la bluu, kimeandikwa kwa Kiswahili. Kila asubuhi nilikipangusa vumbi, na kila asubuhi nilisoma maneno ya mgongoni: Mwongozo wa Kuwasha na Kutunza. Sikuwahi kukifungua. Hakuna aliyenikataza, lakini hakuna aliyenipa, na mtu mzima hapekui vitu vya ofisi.

Nikafika kwenye sanduku. Mlango ulikuwa wazi, mafundi walikuwa wamekwenda uwanja wa jua kuvuta nyaya. Nikaingia na ndoo yangu. Ndani kulikuwa kusafi, isipokuwa mwisho kabisa, ukutani. Pale palikuwa na sahani ya chuma ukubwa wa sinia la pilau, nyeusi tititi, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikasema moyoni, maskini vijana, wameiunguza wakati wa kufunga, wakaiacha hivyo kwa aibu. Kesho mkuu wa kanda achungulie dirishani aone sahani yenye masizi?

Nikaleta majivu, limau, na waya wa kusugulia. Masaa mawili na nusu. Weusi ule ulikuwa mkaidi, ulishika kama deni la ukoo, lakini mimi nina mikono ya kutwanga. Nilipomaliza niliona kilemba changu ndani yake, nikaona na pengo langu. Nikacheka peke yangu nikafunga mlango.

*

Ijumaa niliwahi. Ntandu alikuwa amewahi zaidi. Huyu Ntandu ndiye mhandisi wa mtambo, kijana wa Kinyaturu, mpole mpaka unamwonea huruma. Alipofika Itigi hakuwa na mtu, nami nikawa namletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akaniita bibi tangu siku ya kwanza, na hajawahi kunipita bila salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umelala?"

"Kidogo," akasema, akitazama viatu vyake. Nikammiminia uji. Alikunywa mafunda mawili akaweka kikombe. Kwenye meza yake kulikuwa na ganda la tembe za utulivu. Vitundu viwili vilikuwa vitupu.

Ngoja nikueleze habari za tembe, maana bila tembe huwezi kuelewa kufuli.

Zamani kidogo kulikuwa na ajali ya kinu cha kusaga mawe. Watu tisa walikufa siku ya kwanza ya kukiwasha. Walipochunguza wakakuta kwamba karibu kila mfanyakazi alikuwa na jambo lililomtia shaka. Mmoja alisikia mlio, mmoja aliona mkanda umekaa upande, mwingine alinusa harufu. Hakuna aliyesema. Mkubwa yupo, mgeni yupo, nani aanze? Ndipo ikatoka sheria: mtambo mpya unafungwa kwa makufuli saba, na kila kufuli lina mtu wake. Kufuli lenyewe si la ufunguo. Unaweka kidole gumba, linasikiliza mapigo na jasho lako. Moyo ukiwa umetulia, taa inakuwa ya kijani na linafunguka. Ukiwa na jambo umelificha, taa inabaki nyekundu. Na sheria inasema kufuli la saba, la mwisho, awe nalo mfanyakazi wa cheo cha chini kuliko wote. Karakana yetu huyo ni mimi.

Ni kitu kizuri. Tatizo ni kwamba kufuli halijui umeficha nini. Uwe umeona ufa kwenye mtambo, uwe umegombana na mwenzako nyumbani, kwake ni mamoja. Watu wakachoka kucheleweshwa na huzuni zao, zikatengenezwa tembe. Unameza moja, moyo unapoa kama maji ya mtungi, kufuli linakuamini. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nilikuwa nimeshazoea kuyaokota maganda yake nikifagia.

*

Saa nne wageni walikaa kwenye viti mbele ya dirisha la kijani. Mkuu wa kanda alikaa katikati, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kila mtu alipewa miwani ya kinga. Ntandu akaanza kazi, na lazima nikiri alikuwa anaifanya vizuri. Alisoma orodha kwa sauti, hatua kwa hatua, na fundi mwenzake akijibu.

"Maji ya kupoza?"

"Yanazunguka."

"Gesi?"

"Imefika kipimo."

"Mlango?"

Fundi akaufungua kidogo, taa zote za mtambo zikazima zenyewe, akaufunga tena. "Mlango unajilinda."

"Kitufe cha dharura?"

Wakakibonyeza. Kikafanya kazi. Wageni wakapiga makofi kidogo.

Mkuu wa kanda akauliza, "Huo mwanga wenyewe tutauona una rangi gani?"

"Hauonekani, mheshimiwa," Ntandu akasema. "Jicho la binadamu haliupokei. Ukikuingia, utajua kwa sababu umeacha kuona. Ndiyo maana tunaufungia."

"Na ukishakata bomba unakwenda wapi?"

Ntandu akakohoa kama mtu aliyemeza mfupa. Bi Msengi akajibu kwa niaba yake, maana alikuwa amekariri.

"Mwisho wa sanduku kuna sahani nyeusi, mheshimiwa. Weusi wake ndio unaoula mwanga. Pigo la kwanza kabisa halikati kitu, linapigwa pale kwenye sahani, kwa nguvu zote, ili kupima."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kufuli langu. Nilisikia maneno yale kama mtu anayesikia jina lake likitangazwa msikitini. Weusi wake ndio unaoula mwanga. Nikaliona sinia langu, na kilemba changu ndani yake.

Makufuli yakaanza. Bi Msengi, kijani. Fundi wa umeme, kijani. Fundi wa gesi na wa maji, kijani na kijani. Mzee Chilewa mlinzi wa geti, mtani wangu wa Kigogo, akaweka kidole huku akisema, "Hili lilikataa siku mke wangu aliponifungia nje, leo kanipikia mlenda." Kijani. Wageni wakacheka. Ntandu akaweka kidole bila kulitazama kufuli. Kijani.

Nikaweka changu. Nyekundu.

Nikafuta kidole kwenye kanga nikaweka tena. Nyekundu.

"Mtani," akasema Chilewa, "umemwota nani usiku?"

Watu wakacheka tena. Bi Msengi akatabasamu kwa wageni, akanishika kiwiko akanivuta kando ya rafu ya vitabu. Akanitia tembe kiganjani.

"Ni umri tu, bibi. Meza, dakika tano itakuwa imeingia. Hata mimi nimemeza. Wote tumemeza."

"Wote?"

"Nani anaweza kutulia mbele ya mkuu wa kanda?"

Nikaweka tembe mdomoni. Nikaibana chini ya ulimi, na hapo simu ikatetemeka kifuani mwangu. Kalunde.

"Mama, wameshawasha?"

"Bado kidogo."

"Fundi anasema mchanga umeanza kushuka. Amepima, mita tatu zimejaa tangu alfajiri. Mama, watu wote wako hapa kwenye shimo. Hata bibi yake Masanja jirani yetu, asiyeweza kutembea, wamembeba na kitanda. Niwaambie saa ngapi?"

Nikamwambia nitampigia. Nikasimama pale nimeshika rafu. Nakueleza nilichokiwaza, na sitakipamba. Niliwaza kwamba pengine haina neno. Sahani ni sahani. Niliwaza uso wa Bi Msengi, na uso wa mkuu wa kanda, na watu wa karakana wakiambizana kwa miaka kumi habari za bibi aliyesugua mtambo kama sufuria. Niliwaza mtungi wa Kalunde. Nilikuwa na sababu nzuri sana za kumeza. Ile tembe ilianza kuyeyuka, tamu-tamu, nikasikia ulimi unapoa, na baridi ile ikaanza kushuka shingoni. Moyo ukaanza kutulia, na mimi sikuwa nimefanya chochote cha kuutuliza.

Hilo ndilo lililonitisha. Nikaitema kwenye kanga.

*

Nilirudi mbele, nikapita kati ya viti. Sikuenda kwenye kufuli. Nilisimama mbele ya dirisha.

"Samahani, mheshimiwa. Samahani, Bi Msengi. Ile sahani si nyeusi tena. Jana niliisugua kwa majivu na limau. Inang'aa."

Hakuna aliyecheka safari hii, isipokuwa mgeni mmoja wa pembeni, naye akaacha.

Bi Msengi akasema taratibu, "Bibi, umechoka. Mhandisi ameshakagua asubuhi. Si ndiyo, Ntandu?"

Ntandu alitupa kisogo. Alikwenda kwenye meza ya mtambo akafungua swichi ndogo ya pembeni. "Huu ni mwanga wa kulengea," akasema, sauti imekauka. "Hauna nguvu, ni kama wa tochi, unaruhusiwa na makufuli yakiwa yamefungwa. Unapita njia ile ile itakayopitiwa na leza." Akabonyeza.

Ndani ya sanduku kitone chekundu kikatokea kwenye sahani. Na papo hapo kitone cha pili kikatokea, nje, upande wetu. Kilikuwa kimerudi kutoka kwenye sahani, kikapita kwenye kioo cha kijani, kikatua juu ya shati jeupe la mkuu wa kanda, katikati ya kalamu zake mbili.

Mheshimiwa alikiinamia akakitazama. Akajaribu kukipangusa kwa mkono, kikatua kwenye mkono.

"Kioo hiki," Ntandu akasema, "kinazuia cheche na mwanga uliotawanyika. Pigo lenyewe, la nguvu zote, kingelizuia kwa muda wa kufumba jicho. Baada ya hapo kingetoboka."

Mkuu wa kanda akainuka kwenye kiti chake, akasogea pembeni, akabaki amesimama. Ule wekundu ukabaki kwenye kiti kitupu.

Mimi nilikuwa namtazama Ntandu. "Ulijua," nikasema.

"Niliujaribu saa kumi na mbili asubuhi, bibi. Kiti kilikuwa bado hakijawekwa. Kitone kilitua sakafuni. Nikajiambia nitapunguza nguvu kwa siri, nitapiga robo tu, pengine kioo kitahimili. Nikajiambia Kinyalambe wanasubiri."

"Na kwa nini hukuniambia mimi?"

Akainamisha kichwa. "Ningekwambiaje, bibi? Umenilisha mwezi mzima. Nisimame mbele ya watu niseme bibi yangu ameharibu? Sikutaka kukuaibisha."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa subira, waulize, lakini nilikasirika mpaka kilemba kikalegea.

"Aibu yangu uliipima kwa mizani gani, Ntandu? Ukaiweka upande huu, na kifua cha huyu baba upande ule, ikazidi yangu? Heshima ya namna hiyo mpelekee maiti. Mimi ni mzima. Nikikosea, niambie nimekosea, nikarekebishe."

Akasema, "Umekosea, bibi."

"Haya. Tunarekebishaje?"

*

Mkuu wa kanda, nimsifu, hakuondoka kwa hasira. Aliuliza makufuli sita yalikubalije, Ntandu akamwambia ni tembe; akauliza itachukua muda gani, akaambiwa mpaka kesho, akavua miwani ya kinga akampa Chilewa. Kabla ya kupanda gari alimwambia Bi Msengi neno moja tu: "Zile tembe zikusanye." Bi Msengi alizikusanya kwenye kopo la maziwa, na za kwake zilikuwa za kwanza.

Nikampigia Kalunde. Hilo lilikuwa gumu kuliko kusimama mbele ya wageni.

"Si leo, mwanangu. Kesho. Na kosa ni langu." Nikamweleza lote, mpaka limau.

Nikasikia punda analia nyuma yake. Kisha akaniambia nisubiri, akaenda kwa fundi wa kuchimba, akarudi. "Anasema shimo linaweza kushikwa mpaka kesho kama litajazwa tope zito la mfinyanzi mpaka juu. Mfinyanzi tunao. Anataka madumu arobaini ya maji ya kuukorogea."

"Mnayo mangapi?"

"Arobaini na mbili. Ndiyo maji yetu ya kunywa mpaka Jumatatu."

Uamuzi haukuwa wangu. Baadaye alinisimulia kwamba wanawake walikaa pale pale kwenye udongo wa shimo wakajadiliana, na mmoja akauliza ni mpumbavu gani huko mjini anayesugua mitambo. Kalunde akasema, "Ni mama yangu, naye ndiye aliyesema." Halafu yule yule aliyeuliza akabeba dumu lake, akawa wa kwanza kumwaga. Walibakiza mawili, ya watoto na ya bibi yake Masanja.

Sisi huku tukaitoa sahani. Mimi nilipendekeza tuipake mafuta tuichome, kama unavyolainisha kikaango kipya cha chapati, maana kile kikishakolea weusi hautoki hata kwa dawa. Ntandu akatikisa kichwa. Mafuta yatatoa moshi, akasema, na moshi ukigusa jicho la leza, jicho litapasuka. Weusi unaotakiwa ni wa chuma chenyewe.

Akachukua kile kitabu cha bluu kwenye rafu. Akakifungua mezani, nami nikasimama begani kwake. Ukurasa wa mia na nne. Niliyaona maandishi kwa macho yangu, yamepigwa mstari chini: Sahani hii isisuguliwe wala kung'arishwa. Na chini yake, hatua kwa hatua, namna ya kuirudishia weusi.

Basi nikaikwaruza mimi mwenyewe, kwa msasa mkavu wa punje kubwa, ule uso wangu ukapotea kidogo kidogo. Ni kazi ya kuumiza roho kukwaruza kitu ulichokisugua vizuri. Kisha tukaitia kwenye tanuru. Ikawa ya rangi ya majani makavu, ikawa zambarau, ikawa samawati, mwisho ikawa nyeusi. Tukazima, tukaiacha ipoe humo humo, polepole, kama kitabu kilivyosema. Asubuhi ikawa imerudi ilivyokuwa, mbaya kama ulimi wa ng'ombe. Sijawahi kufurahia ubaya kiasi hicho.

*

Jumamosi hapakuwa na viti wala wageni. Dirisha la kijani Ntandu alilifunika kwa bati nene, ingawa kitabu hakikudai. "Siku ya kwanza tu," akasema. Akawasha mwanga wa kulengea, na nje hapakuonekana kitone popote. Tulikitafuta sakafuni, ukutani, kwenye nguo zetu, Chilewa akatafuta mpaka ndani ya kofia yake. Hakikuwepo.

Akasoma orodha yote upya, tangu maji ya kupoza. Akapiga pigo la kwanza kwa nguvu kidogo, akapima. Akapiga la pili, robo. La tatu, nusu. Kila mara alisimama akaingia mwenyewe kuikagua sahani kwa kurunzi. La nne nguvu zote. Sahani ikaula mwanga kama usiku unavyokula moshi. Kisha bomba likalazwa, tukasikia mlio mwembamba, kama nguo mpya inachanwa, na ufa wa kwanza ukatoka. Ntandu akanipa nipapase. Ukucha wangu haukuingia.

Saa nane mabomba yalipakiwa. Yalifika Kinyalambe jua likiwa bado lipo, shimo likiwa limesimama, na Kalunde anateka maji pale mpaka leo. Nakwambia mapema usibaki na wasiwasi.

Lakini nimeruka kitu. Nimeruka makufuli, na niliruka kwa makusudi, kwa sababu ndipo ninapotaka kuishia.

Kabla ya pigo la kwanza tulisimama wote saba, vichwa vitupu, bila tembe. Ilichukua karibu saa nzima. Fundi wa gesi alikiri kuna nati hakuikaza vizuri, akaenda akaikaza. Bi Msengi alisema anaogopa kufukuzwa kazi. Alipolisema, kufuli lake likafunguka. Ntandu aliweka kidole mara tatu, nyekundu tatu. Akasema kwa sauti kwamba hajui kama ataweza kumwambia mkubwa wake ukweli siku nyingine, na hilo linamnyima usingizi. Kijani.

Likabaki langu. Nikaweka kidole nikiwa na uhakika. Sahani ilikuwa nyeusi, niliiona.

Nyekundu.

"Mtani," Chilewa akasema, "usiniambie umesugua na kitu kingine."

"Sijasugua kitu."

Walicheka, lakini kwa upole. Ntandu akanisogelea akaniangalia usoni, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anifahamu.

"Bibi, sema tu. Hata kama halihusu mtambo."

Nikatazama rafuni. Pale kilipokuwa kinakaa kila siku palikuwa wazi, kitabu kilikuwa bado kiko mezani, kimefunguka ukurasa wa mia na nne, na vumbi la asubuhi nilikuwa sijalifuta.

"Nakitaka kile kitabu," nikasema. "Nimekipangusa tangu mlipokileta na sijawahi kukifungua, kwa kuwa niliona si changu. Nataka nikisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Nisipoelewa nikuulize, na wewe unijibu kama unavyomjibu fundi mwenzako, usinionee haya. Nataka kuujua mtambo huu. Si kuusafisha tu. Kuujua."